Sakafu Nyekundu ya Fundi Chediel

Udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi anayetaka chungu chake kiwe na shingo huivuta shingo hiyo udongo ukiwa bado unatii vidole. Akiuacha ukakauka, halafu akaikumbuka shingo, ataambulia vigae. Maana yake ni kwamba kila jambo lina wakati wake wa kurekebishwa, na wakati huo ni mapema, kabla halijakomaa. Wengi wetu tunawahubiria watoto methali hii, kisha sisi wenyewe tunaipita kama mtu tusiyemfahamu njiani. Fundi Chediel wa Mkiwa aliifahamu sana. Heri asingeifahamu, maana angalau angekuwa na kisingizio.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria iliporuhusiwa. Wenye umri wao wataikumbuka: sabuni iliyokuwa ikipangiwa foleni sasa ilijaa vibandani, mitumba ikaning'inia kila mahali, na pale njia panda ya Mkiwa, zinapoachana barabara ya Manyoni na ile ya Itigi, kila aliyekuwa na kuku wa kuuza alitaka kuwa na duka. Duka linataka mlango, na mlango unamtaka seremala. Chediel aliuona wakati huo ukija, akaupokea kwa mikono miwili. Karakana ya mbao aliyoifanyia kazi miaka mingi kule Itigi, kando ya reli, ilikuwa imefungwa, na yeye aliondoka humo na kiinua mgongo. Wenzake walikunywa vyao, wengine wakaoa wake wa pili. Yeye alinunua injini ya dizeli na msumeno wa duara, vitu vilivyochoka lakini vizima, akavibeba hadi Mkiwa juu ya lori la chumvi. Kisha akaanza kujenga karakana yake mwenyewe ubavuni mwa nyumba yake.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kule Itigi kilikuwa sakafu. Msicheke, mtu akipenda kazi hupenda hata anapokanyaga. Sakafu ile ilikuwa na akili. Mkanda wa kuzungushia mashine haukupita juu, ulipita chini, ndani ya mfereji uliofunikwa kwa mbao nzito. Chini ya msumeno kulikuwa na shimo la kupokea unga wa mbao, hivyo mtu hakuteleza. Miguu ya mashine ilishikwa na boliti zilizozikwa kwenye zege, na mashine ikinguruma namna gani haikusogea ng'o. "Mle ungeweza kutembea umefumba macho," alikuwa akimwambia mkewe, Asnath, "na ukatoka na vidole vyako vyote."

Kuta zilipofika kiunoni, Chediel alichukua kijiti akaichora sakafu ya namna hiyo kwenye vumbi. Aliyemshikia kamba ni binti yake wa pekee, Eliza, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, miguu mirefu kama ya korongo na maswali yasiyokwisha.

"Baba, na huu mstari ni wa nini?"

"Hapo ndipo mkanda utapita, chini kwa chini kama panya. Hautamgusa mtu."

"Hata kuku?"

"Hata kuku, mwanangu."

Ujenzi wa mtu wa kawaida huenda kwa mwendo wa kinyonga. Leo matofali, mwakani bati. Hadi paa lilipokamilika, Eliza alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali, na kijana mmoja wa Iramba aitwaye Peniel, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, amekwisha kutuma mshenga. Posa ikapokelewa, tarehe ya harusi ikapangwa. Kilichobaki ndani ya karakana ni sakafu tu.

Siku ya kumwaga zege, Urbano mwashi alifika asubuhi kutoka Mwankoko na vijana wake, mwiko kiunoni na ulimi mdomoni, maana Urbano hakujua kufanya kazi kimya. Alizunguka jengo, akapima kwa macho, akauliza:

"Zile mbao za mfereji ulizoniambia ziko wapi? Zilete nizitege sasa. Mimi nikishamwaga, nimemwaga. Sitaki mtu aniambie kesho tulisahau."

Hazikuwa zimesahauliwa. Zilikuwa zimeegemea ukutani: mbao mbili ndefu zilizopigwa randa vizuri, sanduku la kutengenezea shimo la unga wa mbao, na kopo la boliti zilizopakwa grisi. Chediel alizichonga kwa mkono wake. Aliziangalia, kisha akaangalia paa lake jipya, na moyo wake ukageuka.

Jana yake mshenga alikuwa ameleta habari kwamba wageni kutoka Iramba watakuwa wengi, na kwaya yao watakuja nayo. Mkiwa nzima haikuwa na ukumbi. Paa pekee lililoweza kuwasitiri watu wote hao lilikuwa hili la karakana, na wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuliita "ukumbi wa Mzee Chediel". Jina lile lilimwingia kichwani kama pombe ya mtu asiyezoea. Aliwaza wakwe zake wakiingia na kukuta vifuniko vya mbao, mashimo, na boliti zimechomoza katikati kama visiki shambani. Akaona aibu kabla haijatokea. Kisha akaiwaza sakafu nyekundu, moja, laini, inayong'aa kama za nyumba za walimu wakuu, na akatabasamu peke yake.

"Achana nazo," alimwambia Urbano. "Mwaga yote iwe moja. Piga niru, tia rangi nyekundu."

Asnath alikuwa akiingia na ndoo ya maji kichwani. Aliitua. "Baba Eliza, umesema nini?"

"Nimesema sakafu iwe moja."

"Na mfereji?"

"Nitauchimba baada ya harusi. Unataka mama mkwe wa mwanao akwae shimoni mbele ya watu?"

"Hapana, nataka mkanda upite chini kama ulivyosema miaka yote. Harusi ni siku moja, baba Eliza. Mkanda ni kila siku. Hivi tunamjengea nani, wakwe au mashine?"

Vijana wa Urbano walicheka, na kicheko kile kikaharibu mambo. Chediel hakuwa mtu mbaya, lakini kuchekwa mbele ya mkewe kulimfanya akaze shingo. Alitia pamba masikioni. "Tindo ninazo, nyundo ninayo, mikono ninayo," alisema. "Fundi mzima nishindwe kuchimba mfereji kwenye sakafu yangu mwenyewe?"

Urbano alikuna kidevu. "Leo ni kutega mbao mbili, tumemaliza kabla ya chai. Baadaye ni tindo na machozi. Ila sakafu ni yako, mimi ni mwashi tu."

"Wewe Urbano ungefaa kuwa katekista. Mwaga!"

Zege likamwagwa. Likasambazwa, likasawazishwa kwa ubao, na jioni niru nyekundu, ile saruji laini ya kung'arisha, ikapakwa juu yake. Asnath alisimama mlangoni akiangalia. Zege lilikuwa bado bichi. Mtu angeweza kuchora mstari kwa kidole. Alitamani kusema tena neno moja, akalimeza, kwa kuwa alimjua mumewe. Zile mbao mbili Chediel alizitumia baadaye kutengenezea benchi la bwana na bibi harusi.

Harusi ilifana, tusiseme uongo. Wageni wa Iramba waliingia na kuisifu sakafu kabla hata ya kumsifu bibi harusi. Kwaya iliimba, vumbi halikuruka, na Eliza alivua viatu vyake vyeupe akacheza miguu mitupu. "Baba, sakafu yako ni ya baridi, tamu!" alimwambia akimvuta mkono wacheze wote. Chediel alicheza. Alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa tangu azaliwe, na aliamini kabisa kwamba alikuwa ameamua vema.

Wiki iliyofuata bibi harusi alikuwa amekwenda kwake, na Chediel akachukua tindo na nyundo. Alipiga magoti pale mstari wa mkanda ulipostahili kuwa, akapiga. Tindo ikaruka. Akapiga kwa nguvu zaidi. Kikatoka kichembe chekundu kama punje ya mtama, na vumbi jeupe kidogo. Urbano hakuwa mwizi wa saruji, alikuwa amechanganya zege la kweli. Chediel alipiga mpaka jasho likamtoka, kisha akakaa kitako akitazama kidonda alichokitia kwenye sakafu iliyosifiwa na wakwe. Akaionea huruma. Akakifuta kwa kiganja, akanyanyuka.

"Tuanze kazi kwanza," alimwambia Asnath. "Nitachimba kazi zikipungua."

Kazi hazikupungua. Zingepunguaje, miaka ile? Mughwai, mwenye lori, aliyejenga vyumba vya maduka pale njia panda, alitaka milango na fremu, na wengine walimfuata. Mbao za mninga zilikuja kutoka upande wa Itigi. Injini ilikaa nje, chini ya kibanda cha bati kwenye ukuta wa kushoto. Mkanda wake uliingia kwa tundu la ukutani, ukakatisha sakafu nyekundu kwa kimo cha goti, mpaka kwenye puli, gurudumu la kuzungushia msumeno, katikati ya chumba. Kwa kuwa boliti hazikuwepo, mashine ilifungwa kwenye magogo na kukandamizwa kwa mawe, nayo ilitikisika kutwa nzima. Upande wa kulia ulijaa mbao. Mtu aliyetoka mlango wa nyuma, kwenye uwanja wa jiko, kuja mbele, hakuwa na njia nyingine ila kuuruka mkanda.

Watu wakauzoea. Huo ndio ubaya wa hatari ya kila siku, huota mizizi ikawa mwenyeji. Wateja waliuruka wakitaniana, "Haya, michezo ya shule ya UMISHUMTA hiyo!" Siku moja jogoo wa jirani alidhani naye anaweza, mkanda ulimchota ukambamiza ukutani. Chediel alimlipa jirani jogoo mwingine, na yule aliyekufa akaliwa kwa ugali, watu wakacheka. Asnath hakula.

Kisha upindo wa kanga yake mwenyewe ukanaswa. Ulichanika tu, yeye akaangukia goti, akavimba. Jioni ile alikaa jikoni akijikanda kwa maji ya moto, na Chediel akaja akachutama karibu naye, kwa aibu.

"Pole, mama Eliza."

"Pole yako nimeisikia. Mfereji je?"

"Nitauchimba. Watu wakishavuna alizeti."

"Alizeti ipi? Ya mwaka huu, au ile uliyoisema mwaka jana?"

Chediel akamsogezea maji ya moto karibu. Kesho yake aliweka benchi mbele ya mkanda ili watu wasipite, na kabla ya saa sita mteja alikuwa amelisogeza apitishe fremu yake. Benchi halikurudi mahali pake tena.

Mwaka wa pili wa ndoa yake, Eliza alirudi nyumbani na tumbo. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa karibu na mama mzaa mama, anayejua kukanda na kupika uji wa mzazi. Peniel alimsindikiza mpaka Mkiwa, akamwinamia mkwewe, "Shikamoo, baba," akaitikiwa, akarudi shuleni kwake. Nyumba ikachangamka. Chediel, ambaye siku hizo alikuwa akitembea kama jogoo kwa ajili ya mjukuu, alikatisha kazi mara kwa mara aende kumwuliza binti yake kama anataka ukwaju.

Eliza aliuona mkanda siku ya kwanza tu. Alisimama mlango wa nyuma, mkono kiunoni.

"Baba, mbona unapita juu? Si ulisema utapita chini kama panya?"

Chediel alizima mashine, akapangusa unga wa mbao usoni. "Niliisawazisha sakafu kwa ajili ya harusi yako, mwanangu."

"Harusi si ilikwisha?"

"Zege likishakauka limekauka. Haiwezekani tena."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Tena kwa muda wote ule alikuwa amelisema kwa wateja mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameliamini. Eliza alicheka, akainua kanga yake kidogo, akauvuka mkanda taratibu, akaenda mbele kununua karanga.

Wanaoijua Singida wanaujua upepo wake wa kiangazi. Hauna adabu. Hupuliza tangu asubuhi, ukapekua bati, ukapekua nguo. Asubuhi moja Asnath alikuwa amekwenda kisimani, na Eliza, tumbo limemlemea, alikoroga uji wa baba yake akaumimina kwenye bakuli. Alijitupia kanga mabegani kwa sababu ya baridi. Injini ilikuwa ikinguruma tuku-tuku-tuku, na Chediel alikuwa ameinama anasukuma ubao wa mninga kwenye msumeno, mgongo wake kwenye mlango wa nyuma.

Eliza alifika kwenye mkanda, akainua mguu. Upepo ukamfuata kutoka uwanjani, ukaitwaa ncha ya kanga, ukailaza juu ya mkanda. Basi. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Mkanda ulivuta, bakuli likaanguka, na yeye, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alinyoosha mkono wa kulia aikomboe kanga yake. Mkanda ukauchukua mkono ule, ukaupeleka kwenye puli ya msumeno.

Chediel alisikia ukelele juu ya mngurumo. Aligeuka. Injini ilikuwa nje; kuizima kungemlazimu kutoka mlango wa mbele na kuizunguka karakana. Alishika ule ubao wa mninga akaupigia mkanda kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ukachomoka kwenye puli na kuanza kujipigapiga sakafuni peke yake. Alikuwa amefanya haraka. Haraka ile haikutosha.

"Baba," Eliza alisema. "Mtoto." Hakusema mkono. Alikuwa amelala ubavu, akilikinga tumbo kwa mkono uliobaki, na kwenye sakafu ile damu haikuonekana vizuri, kwa kuwa vyote vilikuwa vyekundu. Chediel alilivua shati akamfunga, akapiga kelele ambayo watu wa njia panda wanaikumbuka mpaka leo. Mughwai alileta lori. Njia nzima hadi hospitali ya mjini, Chediel alimpakata binti yake kwenye kiti cha mbele, akimwomba Mungu amchukue yeye.

Mungu hakumchukua yeye, wala hakumchukua Eliza. Mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kifaranga, wa kike, akalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Wakamwita Luciana. Wauguzi walisema ni bahati, na majirani walipokuja kuwapa pole walisema vilevile, bahati, ingeweza kuwa mbaya zaidi. Chediel aliitikia, "Tunamshukuru Mungu."

Waliporudi Mkiwa, hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa. Asnath, aliyekuwa na haki ya kusema, hakusema. Hakumwambia hata mara moja, "Si nilikwambia?" Alipika, alifua nepi, alimwogesha mtoto, na akipita mbele ya mumewe macho yake yalitazama kando. Chediel angetoa chochote asikie tena ule ulimi mkali wa "alizeti ipi?"

Asubuhi moja alikuwa amekaa nyuma ya dirisha, hana hili wala lile, akasikia sauti ya Eliza uwanjani.

"Mama, njoo unifungie mbeleko."

Asnath alikuwa mbali, hakusikia. Chediel akachungulia. Binti yake alikuwa ameinama, mtoto mgongoni, ncha moja ya mbeleko ameing'ata kwa meno, nyingine ameishika kwa mkono wa kushoto, na anazungusha kile kigutu kana kwamba vidole bado vipo. Mbeleko ikateleza. Akaishika tena. Mtoto akaanza kuteleza naye. Chediel alitoka mbio, akamshikilia mjukuu wake, na kwa mikono yake ya useremala, isiyojua kufunga mbeleko, akafunga fundo baya. Eliza alisema, "Ahsante, baba." Chediel alirudi ndani, akakaa juu ya kitanda, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Siku ileile aliingia karakana akiwa na tindo na nyundo. Injini haikuwashwa. Alipiga magoti kwenye kile kidonda kidogo cha zamani, akaanza. Ko, ko, ko. Kila pigo punje moja. Alipiga mpaka viganja vikachubuka, akafunga matambara akaendelea. Wateja walikuja, wakasimama mlangoni, wakaondoka bila kuaga. Mughwai alijitolea kumletea vijana wenye nyundo kubwa, Chediel akatikisa kichwa. Kiangazi kiliisha, mvua zikaja zikapiga bati, na chini ya sauti ya mvua, ile ya tindo iliendelea, ko, ko, ko, watu wakailalia na kuiamkia.

Urbano alipita siku moja akitokea kazini. Alimkuta mwenzake amekonda, nyusi nyeupe kwa vumbi la zege, mfereji umefika nusu. Alichutama, akaupapasa ukingo wa mfereji.

"Nikusaidie, fundi?"

"Hapana."

"Zege langu gumu. Nisamehe."

"Zege lako lilikuwa zuri, Urbano," Chediel alijibu bila kuacha kupiga. "Lilinisubiri kutwa nzima. Mimi ndiye niliyekataa."

Urbano alikaa naye mpaka giza likaingia, akamshikia taa ya chemli, kisha akaenda zake.

Mfereji ukaisha. Chediel alichimba na shimo la unga wa mbao, akatoboa matundu ya boliti, akazipanda kwa saruji mpya. Akachonga vifuniko vya mninga, vizito, vilivyokaa sawasawa hata mtoto mchanga angetambaa juu yake asikwaruzike. Mkanda ukalala chini. Sakafu ile ya kusifiwa na wakwe sasa ilikatwa katikati, kingo zake zimemegekamegeka, lakini ilikuwa na akili kama ile ya Itigi. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Peniel alikuja kuwachukua mkewe na mwanawe mahindi yalipoanza kukomaa. Wako watu kwao waliomshauri amwache kwanza apumzike kwa wazazi wake, na wote tunajua mapumziko ya namna hiyo huishia wapi. Hakuwasikiliza. Alifika na kanga mpya na sabuni ya mtoto, akamwamkia Chediel kwa heshima ileile ya siku ya kwanza, na Chediel akashindwa kuitikia "marahaba" kwa sauti ya kusikika.

Kabla ya kwenda kusubiri basi, Eliza alisema anataka kuiona karakana. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ile. Aliingia kwa mlango wa nyuma, polepole, baba yake nyuma yake, mama yake mlangoni na mtoto. Alisimama pale pale. Akaangalia vifuniko vya mninga, akavikanyaga kwa kidole cha mguu, kisha kwa mguu mzima. Akavuka. Akarudi. Akavuka tena. Hakuna kilichomgusa.

"Inua, baba, nione."

Chediel aliinua kifuniko kimoja. Mkanda ulikuwa umelala chini humo, mweusi, umetulia kama panya.

Eliza aliutazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na afadhali ingekuwepo.

"Kumbe ilikuwa inawezekana, baba," alisema.

Harusi, wakwe, kazi nyingi, alizeti, zege gumu, vyote alivyokuwa akivisema vilimjia Chediel kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na uzito. Alirudisha kifuniko mahali pake, akabaki amepiga magoti juu yake.

Pale njia panda, Asnath alimfundisha mkwewe kufunga mbeleko. Peniel alikosea, akafungua, akafunga tena, na vijana wauza kuku waliokuwa wamezoea kucheka kila kitu safari hii walitazama pembeni. Basi likaja. Eliza alipunga mkono wa kushoto mpaka vumbi likalifunika basi.

Asnath alirudi nyumbani peke yake. Alimkuta mumewe bado yuko mlemle, amekaa juu ya vifuniko. Alisimama kidogo, kisha akakaa karibu naye, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaongea naye neno ambalo halikuwa la chakula wala la mtoto.

"Utaiwasha lini?"

"Sitaiwasha, mama Eliza."

Hakuiwasha. Injini iliuzwa, milango ya Mkiwa ikachongwa na mafundi wengine, naye akarudia randa na msumeno wa mkono mpaka nguvu zilipomwisha. Mfereji wake ungalipo, na mafundi vijana wanaoanza karakana zao hupelekwa kuutazama. Huusifu ulivyonyooka. Hawajui kwamba ungeweza kupatikana kwa mbao mbili na asubuhi moja kabla ya chai, na kwamba kwa kuchelewa ulilipiwa kwa mkono wa mtoto wake. Udongo uwahi ungali maji.